Kupiga Windows Si Kutengeneza Laptopu

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu sentensi moja ambayo imekula pesa za vijana wengi hapa Kathiani. Sentensi yenyewe ni hii: "Hii ni ya kupiga Windows."

Unaijua. Laptopu yako imekuwa ikiganda katikati ya kazi. Mausi haisongi, sauti inakwaruza, halafu pap, inajizima na kujiwasha yenyewe kama imepagawa. Unaipeleka kwa fundi. Hujamaliza kueleza. Hajakuuliza ilianza lini. Hajauliza kama inafanya hivyo ikiwa kwa chaja ama kwa betri. Hajaweka hata mkono chini yake askie kama imechemka. Anaangalia skrini sekunde kumi, anasema: "Hii ni ya kupiga Windows. Elfu moja. Kuja jioni."

Ukirudi baada ya wiki mbili na shida ni ileile, kuna sentensi ya pili inakungoja: "Ah, basi hiyo ni madabodi." Hapo sasa bei inakuwa ya mbuzi mzima.

Msimamo wangu ni huu, na sitauzungusha: fundi anayetaja dawa kabla ya kupima hatengenezi kitu. Anacheza bahati nasibu, na tikiti ni pesa yako. Na tabia hii haitaisha mpaka sisi wateja tuache kuilipia.

"Si ni laptopu tu?"

Kuna mtu tayari anasema niache kelele, ni mashine tu. Sawa. Mkopo wa HELB unaombwa mtandaoni. Kuchagua kozi ya KUCCPS ni mtandaoni. Cheti cha tabia njema kinaanzia eCitizen. Ritani za KRA ni mtandaoni, na Juni 30 haingoji fundi wako. Kila mwanasiasa akishika maikrofoni anatuambia vijana tuache kulia kazi hakuna, kazi ziko kwa intaneti. Januari 2013 Rais Kibaki alizindua ujenzi wa Konza, si mbali na sisi, na tukaambiwa teknolojia inakuja nyumbani.

Haya, tumekubali. Kuna wasee hapa Kathiani wanaandika maneno kutoka kwa sauti, wanahariri video, wanafunza Kiswahili kwa Zoom, wanachora nembo za watu hawajawahi kukutana nao. Mteja wa huko nje hajui Kathiani ni wapi. Anajua tu umechelewesha kazi. Ukimwambia mashine ilijizima mara nne jana usiku, anasoma, anasema pole, halafu kazi inayofuata anampa mtu mwingine.

Kwa hivyo laptopu inayojizima si kero ndogo. Ni kama boda kukatika cheni kila akifika kilimani. Huyo hana kazi, ana chuma tu.

Mashine tatu, ugonjwa mmoja kwa macho

Wacha niwape mifano mitatu niliyoshika kwa mikono yangu.

Ya kwanza ni yangu. Ni ile ya ex-UK, 23,000, nilichangiwa na mzee wangu. Ilianza kuganda nikihariri video, baadaye ikawa inajizima kabisa. Fundi mmoja, jina lake halisaidii mtu hapa, akatoa ile sentensi. Nikarudi nayo nyumbani na doo yangu. Nikaweka Ubuntu kwa flashi, nikawasha laptopu kutoka kwa hiyo flashi bila kugusa Windows hata kidogo, nikafungua video kadhaa iwe na kazi. Dakika ishirini na tano, ikaganda.

Fikiria hapo kidogo. Windows imelala kwenye diski, haijawashwa, na mashine bado inaganda. Sasa Windows ina kosa gani?

Nikaweka programu ya kusoma joto. Prosesa ilikuwa inagonga nyuzi 97. Nikafungua mgongo. Kati ya feni na zile mbavu za shaba za kutoa joto kulikuwa na vumbi limeshikana kama blanketi, na ile pesti inayopitisha joto kutoka kwa prosesa ilikuwa imekauka kama chaki. Nikasafisha, nikapaka pesti mpya ya shilingi 450. Sasa nikihariri inakaa nyuzi 78, na haijajizima tena. Windows ni ileile.

Ya pili ni ya jirani, yule anafanya kazi ya kuandika kutoka kwa sauti. Yake ilikuwa inajizima tu akianza kazi nzito. Nikageuza chaja nikasoma maandishi madogo: 19.5V, 2.31A. Zidisha hizo mbili unapata wati 45. Mashine yenyewe inataka wati 65. Chaja ya kwanza iliungua, akauziwa hiyo kwa sababu "pini inaingia." Na betri ilikuwa imekufa kitambo, kwa hivyo mashine ikitaka nguvu zaidi hakuna pa kukopa. Inakatika. Dawa ilikuwa chaja sahihi.

Ya tatu ni ya binamu yangu, yuko mwaka wa nne chuoni. Hii ndiyo inaniuma. Kabla sijaiona, alikuwa ameshaipeleka kwa fundi na ikashapigwa Windows. Hakuulizwa kama ana vitu vya kuokoa. Fundi alifomati diski yote. Sura mbili za mradi wake zikaenda. Na zikaenda rekodi alizokuwa amemfanyia susu, saa nyingi susu akieleza kwa Kikamba vile watu waliishi huku milimani, ndoa, njaa, kila kitu. Susu tulimzika mwaka uliopita. Mradi unaweza kuandikwa upya. Hizo zingine hakuna wa kuuliza tena.

Na laptopu? Iliendelea kujizima wiki hiyohiyo. Nilitoa kipande kimoja cha RAM, nikaacha kimoja, nikapima. Nikabadilisha, nikapima tena. Kimoja kilikuwa kibovu. Kazi ya bisibisi na jioni moja.

Mashine tatu. Dalili ni moja. Moja ni joto, moja ni umeme, moja ni kumbukumbu. Na zote tatu jibu la kwanza lilikuwa "piga Windows." Sasa niambie, huyo alikuwa anatibu nini?

Mashine huwa inaandika

Kitu kinaniudhi zaidi ni kwamba ushahidi huwa upo. Hutaji digrii kuuona.

Fungua Event Viewer, ni ya bure, iko ndani ya Windows yenyewe. Ukiona Kernel-Power namba 41 kwa rangi nyekundu, hapo mashine inakuambia: niliwaka tena bila kuzimwa vizuri. Haikuambii kwa nini, na fundi akikuambia "41 ni madabodi" anakudanganya. Lakini ifungue uangalie mahali pameandikwa BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa. Hapo shuku umeme, chaja, betri, joto, au mashine iliyoganda hadi mtu akaishikilia kitufe. Ikiwa si 0, kuna kosa lenye jina, na jina hilo linatafutwa. Ukiona WHEA-Logger, hapo ni vifaa vyenyewe vinalalamika.

Hutaki hiyo? Andika perfmon /rel kwenye sehemu ya kutafuta. Utapata grafu ya siku kwa siku, imeonyesha ni lini mashine ilianza kuanguka na ni programu gani iliwekwa siku hiyo.

Kama inajiwasha haraka kabla hujasoma ile skrini ya bluu, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Startup and Recovery, toa tiki kwa Automatically restart. Ikianguka tena itasimama hapo na maandishi yake. Piga picha na simu.

RAM? Andika mdsched, iache ijipime. Diski? CrystalDiskInfo ni ya bure, itakuambia kama diski ni nzima au imeanza kuoza. Na diski inayooza ni moja ya sababu kubwa za kuganda kwa laptopu za zamani, hasa zile bado ziko na diski ya kuzunguka ambayo imepigwa na barabara ya vumbi juu ya boda miaka minne. Betri? Andika powercfg /batteryreport, linganisha uwezo iliotoka nao kiwandani na uliobaki leo. Na ukiona betri imefura, sehemu ya kugusa imeinuka, hapo hakuna cha kupima. Zima, chomoa, usitoboe, usilale nayo chumbani.

Halafu ile ya Ubuntu kwa flashi. Ikiganda hata hapo, Windows imeachiliwa huru, shida ni vifaa. Ikikaa saa tatu bila tatizo na ukiipa kazi, sasa ndio ushuku Windows, draiva, ama diski, kwa sababu Ubuntu ya flashi haitegemei diski yako.

Hesabu vizuri. Karibu vyote hivyo ni bure. Vingine vinamaliza ndani ya saa moja. Fundi anayesema hana muda wa kupima ana muda wa kuweka Windows, na hiyo nayo ni saa moja.

Hata ikiwa kweli ni programu

Wengine watasema, lakini kuna wakati kweli ni Windows. Kweli. Sijakataa. Julai 19, 2024, kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho bovu, na kompyuta duniani zikaanza kuonyesha skrini ya bluu na kujiwasha tena na tena. Microsoft ilikadiria ni kama milioni 8.5. Ndege zilikwama, hospitali zikasumbuka.

Sasa uliza, wale mafundi wa dunia nzima walifanya nini? Walipiga Windows upya kwa mashine milioni nane? Hapana. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuingia Safe Mode, kutafuta faili moja bovu, kuifuta, kuwasha. Faili moja. Kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa chini wakauliza kwanza ni nini kinaangusha mashine.

Na hapa kwetu kupiga Windows kunaweza kukuongezea ugonjwa. Nyingi ya hizo Windows ni za kuiba, zinawekwa na programu ya kuvunja leseni ambayo kitu cha kwanza inakuomba ni uzime kinga ya virusi. Umeenda na laptopu inayoganda, umerudi na laptopu inayoganda na mlango wazi. Picha zako, nywila zako, zote ziko ndani.

Utetezi wa mafundi, na mahali napingana nao

Nimeongea na mafundi kadhaa kuhusu hii. Si watu wabaya. Wengi walijifunza wenyewe, bila mtu wa kuwashika mkono, na wananunua vifaa kwa pesa ya mfukoni. Wana hoja tatu.

Hoja ya kwanza: uzoefu. "Nimeona elfu ya hizi, najua nikiangalia." Hapana. Joto, chaja na RAM zikionyesha dalili moja, macho hayawezi kuzitenganisha. Uzoefu unakusaidia kujua uanze kupima wapi. Hauchukui nafasi ya kupima.

Hoja ya pili: Windows upya mara nyingi inasaidia. Inasaidia, ndiyo, kwa siku chache. Mashine isiyo na kitu ndani inafanya kazi kidogo, kwa hivyo inachemka kidogo. Ukirudisha programu zako, ugonjwa unarudi. Fundi anahesabu huyo kama mteja aliyepona kwa sababu hukurudi kwake. Hukurudi kwa sababu ulienda kwa mwingine.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na hapa mafundi wako na ukweli: wateja hawalipii kupima. Fundi akikaa na mashine saa mbili akakuambia "ni vumbi tu, 300," unaskia umeibiwa, kwa sababu amefanya "kitu kidogo." Lakini akipiga Windows ukaona rangi mpya na skrini safi, unalipa elfu moja ukitabasamu. Tunalipia kile kinaonekana. Basi fundi anatuuzia kinachoonekana.

Hapo ndipo nasema tubadilike. Uchunguzi uwe na bei yake, iandikwe ukutani: kupima, shilingi 300, unalipa hata kama hakuna kilichotengenezwa. Ukilipa unapewa jibu: nimepima joto, ni hivi, nimepima RAM, ni hivi, nimepima diski, ni hivi, shida iko hapa, kurekebisha ni pesa hii. Ukitaka, anatengeneza. Hutaki, unaenda na jibu lako. Hospitalini tunalipia maabara kabla ya dawa na hakuna mtu anapiga kelele. Ng'ombe akiugua, daktari wa mifugo anamshika joto kabla ya sindano. Laptopu ya 23,000 inakosa heshima ya ng'ombe?

Na watu wa huku hatuna kisingizio. Angalia vilima vya Iveti. Hiyo mitaro ya fanya juu unayoiona, ambayo imetajwa kwa jina hilohilo la Kiswahili kwenye vitabu vya kuhifadhi udongo vya nchi za mbali, haikuchimbwa kwa kubahatisha. Watu walisimama wakaangalia maji yanatoka wapi, yanapita wapi, mteremko ni kiasi gani, ndipo jembe likashuka. Ukichimba mahali si pake, mvua ya kwanza inakuonyesha. Wazee wetu walipima mlima mzima, na sisi tunashindwa kupima kitu cha inchi kumi na nne.

Unachoweza kudai

Hii si fadhila. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kinasema pia kuna fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Tuna Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Tuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili. Sisemi ukimbilie kortini kwa sababu ya elfu moja. Nasema ujue kwamba "nimepiga Windows, ikikataa si mimi" si sheria ya nchi hii.

Kwa hivyo, ukienda kwa fundi, mambo manne.

Moja, hifadhi vitu vyako kabla ya kutoka nyumbani. Flashi, diski ya nje, Google Drive, popote. Na kama mashine haiwaki, mwambie fundi kwa maneno na umwandikie kwa WhatsApp: usifomati bila ruhusa yangu. Maandishi yabaki.

Mbili, nenda na historia. Ilianza lini, inafanya hivyo kwa chaja au kwa betri, baada ya dakika ngapi, ukifanya nini, kabla yake stima ilipotea ama laptopu ilianguka. Andika. Fundi mzuri atafurahi. Yule mwingine ataudhika, na utakuwa umejua uko kwa nani.

Tatu, ukiambiwa kitu kimekufa, omba uonyeshwe. RAM mbovu inaonyeshwa. Diski mbovu inaonyeshwa. "Madabodi" nayo ionyeshwe, na kile kifaa kilichotolewa urudi nacho nyumbani.

Nne, fundi akipima vizuri akakuta ni vumbi tu, mlipe bila kunung'unika, na umtaje kwa wenzako. Hao wako. Namjua mmoja Machakos mjini ambaye anakuuliza maswali dakika kumi kabla hajashika bisibisi. Watu wanamwita polepole. Laptopu zake hazirudi.

Wiki hii kuna mtu hapa Kathiani atasimama mbele ya meza ya fundi na mashine inayojizima, na ataambiwa ni ya kupiga Windows. Kama ni wewe, usianze na "ni pesa ngapi." Uliza "umepima nini?" Akikosa jibu, funga laptopu, weka kwa begi, toka.